Anayepanga Zamu Ndiye Apangaye Usingizi

Mhadhara kwa wanafunzi, walimu na wazazi, Msambweni, Kaunti ya Kwale



Nimeitwa nizungumze juu ya usingizi wa wanafunzi wa afya, na nadhani najua mnachokingoja. Mnangoja niwaambie vijana hawa wazime simu, walale mapema, wapunguze chai ya usiku. Wazazi mtaitikia kwa vichwa, wanafunzi watapiga makofi ya adabu, na usiku wa leo kila mtu atalala saa ile ile aliyolala jana. Mimi nimekuja na shauri jingine. Mwanafunzi wa uuguzi, wa utabibu au wa maabara hana mamlaka makubwa juu ya usingizi wake. Mamlaka wanayo watu wawili: anayeandika rota ya wodi na anayeandika ratiba ya darasa. Na mara nyingi watu hao wawili hawajawahi kuketi meza moja.

Tuanze na kipimo, maana bila kipimo tutabaki kulalamika. Mwaka 1989 Daniel Buysse na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walichapisha hojaji ya ubora wa usingizi. Ina maswali 19 ya kujijibia mwenyewe, yaliyogawanywa mafungu saba: unalala saa ngapi, unachukua muda gani kupata lepe la usingizi, unaamka mara ngapi, unatumia dawa au hutumii, mchana unasinzia au husinzii, na kadhalika. Alama hutoka 0 hadi 21, na aliyepita 5 huhesabiwa kuwa usingizi wake ni mbovu. Mwaka 2020 watafiti walijumlisha tafiti 57 za wanafunzi wa udaktari kutoka nchi mbalimbali, wanafunzi zaidi ya 25,000 kwa pamoja, wakakuta zaidi ya nusu yao hawalali vizuri. Wengi wa hao walipimwa kwa hojaji hiyo hiyo. Yaani katika kila wawili wanaojifunza kutibu, mmoja ana tatizo ambalo angekuja nalo mgonjwa wangemwandikia kadi ya kliniki.

Naiheshimu hojaji hiyo. Lakini hebu ijazeni mkiwa katika chumba cha kupanga pale Ukunda, mwezi wa Februari. Itakuuliza kama ulisumbuliwa na baridi, ndipo ikuulize kama ulisumbuliwa na joto. Itakuuliza juu ya kukoroma, ndoto mbaya, maumivu, na kuamka kwenda chooni. Mbu hawamo. Spika za matanga mtaa wa pili hazimo. Mwenzako wa chumba anayerudi kutoka leba usiku wa manane akawasha taa kutafuta kanga yake, hayumo. Mambo yote yanayomkosesha usingizi mtu wa Kwale yamesukumwa kwenye mstari mmoja wa mwisho, wa sababu nyinginezo. Ndiyo maana nikiona utafiti uliochukua hojaji hiyo ilivyo ukaileta Pwani, huwa nauliza kwanza: ule mstari wa mwisho walijaza nini?

Kabla ya kuendelea nitenganishe vitu viwili vinavyochanganywa, wingi wa usingizi na ubora wake. Mfano tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Kati ya 1900 na 1920 ugonjwa wa malale uliua watu wapatao robo milioni katika Busoga na kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Mbung'o wapo mpaka leo kwenye misitu ya Shimba Hills, ingawa huku wanawasumbua ng'ombe, si watu. Mgonjwa wa malale huonekana analala tu kutwa, lakini ukijumlisha saa zake za mchana na usiku hazizidi sana za mtu mzima wa afya. Kilichoharibika ni mpangilio: usiku yuko macho, mchana anaanguka, na usingizi wenyewe umekatikakatika. Sasa mtazameni mwanafunzi aliyetoka wiki ya zamu ya usiku akaingizwa ya asubuhi. Huyo hana vimelea vyovyote, lakini saa zake zimevurugwa kwa namna inayofanana. Ukimuuliza umelala saa ngapi atakujibu saba, na ni kweli, ila ni saa saba za mang'amung'amu, katikati ya kelele za watoto wa mwenye nyumba na mwangaza wa jua la saa sita.

Jambo la pili ni joto, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu vitabu wanavyosomea vijana hawa viliandikwa na watu wanaolala chini ya mablanketi. Ili usingizi ukuchukue, joto la ndani ya mwili linapaswa kushuka kwa kiasi cha digrii moja. Mwili hulipunguza kwa kupeleka damu kwenye ngozi ya mikono na miguu, na kwa jasho. Lakini wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, upepo unatoka baharini ukiwa umelowa, jasho haliruki, na nyumba ya tofali za saruji yenye paa la mabati imekunywa jua mchana kutwa na inaanza kulitema magharibi. Wazee waliojenga kwa udongo na makuti walikuwa na usiku mwepesi kuliko wajukuu wao waliopiga bati.

Kuna utafiti wa 2015 ninaoupenda. Watafiti waliwafuata Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, pamoja na Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, watu wasio na umeme. Ilidhaniwa kuwa watu wa namna hiyo hulala mara jua linapozama. Walikutwa wakilala kwa wastani wa zaidi ya saa tatu baada ya jua kuzama, na muda wao wa kulala ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1, si nyingi kama tulivyodhani. Lililofuatana na usingizi wao ni joto la nje: walilala hewa ikiwa inapoa, wakaamka karibu na wakati wa baridi kuliko yote. Kwetu hapa baridi hiyo huja alfajiri, kidogo tu, na bahari haiiruhusu ishuke sana. Ndiyo saa mwanafunzi anapochukuliwa na usingizi mnono hasa. Na ndiyo saa anayotakiwa aamke, apange foleni ya bafu la pamoja, na awe amesimama wodini kabla ya saa mbili.

Utaambiwa dawa ya joto ni kutoa neti. Wapo wanaofanya hivyo, na ni wanafunzi wa afya! Anofelesi wetu wa hapa huuma zaidi usiku ukishakomaa, saa ambazo mtu amezama usingizini. Feni ya mezani iliyoelekezwa kwenye neti ni gharama ndogo kuliko malaria wiki ya mtihani. Hilo nalisema haraka kwa sababu mnalijua.

Twende kwenye zamu, ndipo penye kiini. Watu husema usiku ni wa kulala, kwa hiyo mwanafunzi asikeshe. Mbona watoto hawajaambiwa? Uingereza walichambua uzazi zaidi ya milioni tano wa miaka 2005 hadi 2014, wakaona kuwa uchungu ukianza wenyewe na mama akajifungua bila kuharakishwa, kilele cha kuzaliwa ni karibu na saa kumi ya usiku. Mwanafunzi wa ukunga anatakiwa asimamie uzazi, uandikwe katika kitabu chake na kusainiwa. Akikosa usiku, amekosa wengi. Zamu yake ikiisha na mama amefungua njia sentimita nane, haondoki, na mimi singemshauri aondoke. Kwa hiyo usiku hatuukwepi. Swali ni unagawanywaje, na unalipwaje kwa mapumziko.

Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid, Australia, waliwapima watu waliokaa macho, kisha wakawapima waliokunywa pombe. Aliyekaa macho saa 17 alifanya kazi ya mikono na macho kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Akifika saa 24 alikuwa sawa na aliyelewa kwa asilimia 0.10. Hesabuni basi. Binti ameamka saa kumi na mbili asubuhi, amehudhuria darasa mchana, ameingia zamu jioni. Saa tano ya usiku ametimiza saa 17, na bado usiku mzima uko mbele yake, na dawa za kupimwa kwa mililita, na sindano. Askari wa barabarani angemsimamisha na alkoblo angekuta pumzi safi kabisa.

Asubuhi anapanda bodaboda kurudi kwake, au matatu ya Likoni ikiwa nyumbani ni Mombasa. Mwaka 2005 utafiti wa madaktari wanagenzi wa Marekani ulionyesha kuwa baada ya zamu ndefu zilizopita saa 24, uwezekano wa kugonga gari wakirudi nyumbani ulikuwa zaidi ya mara mbili kuliko baada ya zamu za kawaida. Wao walikuwa na magari yao na mikanda. Huyu wetu ameketi nyuma ya pikipiki kwenye barabara ya Lunga Lunga, malori ya kuelekea Tanzania yanampita, na kichwa kinamwangukia mgongoni mwa dereva.

Fikra kwamba tabibu wa kweli halali tumeirithi wapi? Mpangilio wa mafunzo ambamo daktari kijana hukaa hospitalini usiku na mchana ulijengwa sana na William Halsted, mpasuaji mkuu wa kwanza wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwishoni mwa karne ya 19. Halsted alikuwa mpasuaji hodari, na alikuwa pia mraibu wa kokeini, aliyoizoea akiifanyia majaribio ya ganzi. Baadaye alitumia mofini mpaka mwisho wa maisha yake. Sisemi kokeini ndiyo iliyoandika rota zetu. Nasema tu kwamba kipimo cha uvumilivu kilichoenea duniani kiliwekwa na mtu ambaye mwili wake haukuwa ukiendeshwa na chai ya maziwa.

Na sisi tuna vichangamsho vyetu. Kahawa haina ubaya ikinywewa kwa saa zake, lakini nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya kama saa tano. Kikombe cha barazani saa mbili usiku, saa saba nusu yake ingalimo. Muguka ni habari nyingine. Mnakumbuka Mei 2024, Kaunti ya Mombasa ilipoupiga marufuku, Kilifi ikafuata, wakulima wa Embu wakaja juu, na mahakama ikasimamisha amri hizo. Siasa ilikuwa nyingi kuliko dawa. Kemia yake si siri: jani bichi lina kathinoni, jamaa wa karibu wa amfetamini. Linakupa usiku mmoja wa kusoma na linakunyang'anya mawili ya kulala, na katika hayo mawili ndimo ulichokisoma kingekaa. Tangu 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell walipowapima wanafunzi wawili, imejulikana kwamba mtu akilala baada ya kujifunza hukumbuka mengi zaidi kuliko akikaa macho kwa muda ule ule. Anayekesha na fiziolojia mpaka adhana ya alfajiri anajaza maji kwenye pakacha.

Simu? Sawa, niseme neno kwa ajili ya wazazi. Mwanga wa kioo una athari, lakini nadhani imetiwa chumvi. Kinachomnyima kijana usingizi zaidi ni kilichomo ndani ya simu: ujumbe kwamba pesa za mkopo wa masomo wa HELB hazijaingia, na kundi la WhatsApp la darasa ambamo mabadiliko ya ratiba ya kesho hutangazwa saa nne usiku. Huyo aliyetangaza saa nne usiku si mwanafunzi.

Sasa, je, sheria zinaweza kubadilisha jambo hili? Machi 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York akiwa mikononi mwa madaktari wanagenzi waliokuwa na mzigo wa wagonjwa wengi na saa ndefu. Baba yake, mwandishi wa habari, hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka mpaka wa saa 80 kwa wiki, na saa 24 mfululizo. Mwaka 2004 utafiti wa Boston katika wadi za wagonjwa mahututi ulionyesha kuwa wanagenzi walio kwenye rota ya zamani ya saa ndefu walifanya makosa makubwa asilimia 36 zaidi kuliko wenzao waliopunguziwa zamu. Ulaya, agizo la 2003 lilileta wastani usiozidi saa 48 kwa wiki na mapumziko ya saa 11 kila siku.

Lakini msichukue hapo mkakimbia. Majaribio makubwa ya Marekani yaliyotolewa 2016 na 2019 yalilinganisha saa zilizobanwa na saa zilizolegezwa, na vifo vya wagonjwa havikutofautiana. Sababu moja inayotajwa, na mimi naiamini, ni kwamba ukikata zamu unaongeza kukabidhiana, na kila makabidhiano ni mahali pa habari kupotea. Kwa hiyo kufupisha saa peke yake hakutoshi. Hapa Kenya hatujafika hata kwenye ubishi huo. Mgomo wa madaktari wa Machi hadi Mei 2024 ulihusu sana malipo ya wanagenzi, na walikuwa na haki ya kudai. Saa zao za kulala hazikuwa kiini cha mabishano. Na mwanafunzi ambaye hata mwanagenzi bado hajawa, nani atagoma kwa ajili yake?

Nishauri basi mambo ambayo hayahitaji Bunge. La kwanza, rota izunguke kwenda mbele: asubuhi, kisha mchana, kisha usiku. Saa ya ndani ya mwili wa binadamu huwa ndefu kidogo kuliko saa 24, kwa hiyo ni rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Anayetolewa usiku akatupwa asubuhi bila siku ya kupumzika anavutwa kinyume na maumbile yake. La pili, asiwepo mwanafunzi anayetoka zamu ya usiku akahesabiwa mtoro kwa kukosa darasa la asubuhi ile ile. Hili linatokea katika vyuo vingi, wala sihitaji kutaja kimoja. Ni matokeo ya zile karatasi mbili nilizozitaja mwanzo, kila moja ikiwa sahihi kivyake.

La tatu linatoka kwetu. Pwani tulijua kujinyoosha mchana kabla ya maabara za usingizi kuwapo. Kailula baada ya adhuhuri ni sunna, na wavuvi wa Gazi na Shimoni walioingia baharini usiku huwezi kuwakuta wima saa nane mchana. Sayansi imekuja kukubali: saa hizo umakini hushuka hata kwa aliyelala vizuri, na usingizi wa dakika 20 au 30 huurudisha bila kumwachia mtu uzito wa kichwa. Sisi tukaiga ratiba za nchi za baridi, tukaweka famakolojia saa nane, chini ya bati. Chumba kimoja chenye mikeka, madirisha mawili na feni, kilicho wazi saa saba hadi saa nane na nusu kwa wa mchana, na usiku kwa wanaopokezana zamu, kinagharimu chini ya projekta.

Ramadhani inahitaji neno lake, maana wanafunzi wengi wa Kwale ni Waislamu na mwezi huu umeangukia kaskazi miaka ya karibuni. Tarawehe humalizika usiku umeshaingia, daku ni kabla ya alfajiri, na katikati pamebaki usingizi wa vipande viwili. Si hatari kwa mtu mzima mwenye afya, mradi alipwe mchana. Kinachoudhi ni mtihani wa vitendo kuwekwa saa tisa alasiri ya mfungo kana kwamba kalenda ya Hijria haichapishwi.

Na kipimo je? Ile hojaji ya Pittsburgh tuitumie, tukiiongezea mistari ya mbu, kelele, joto la chumba na aina ya zamu. Tuwapime wanafunzi mara mbili: Februari kwenye kaskazi, na Julai kusi likivuma, ndipo tujue ni kiasi gani cha tatizo ni hali ya hewa na kiasi gani ni sisi. Mwanafunzi asiandike jina lake. Pale juu ya fomu penye nafasi ya jina, liandikwe jina la aliyepanga zamu yake ya wiki hiyo.